Hewa ya Kupumua Kwanza, Ubaridi Baadaye

Hotuba kwa wahandisi, wasanifu na wamiliki wa majengo, Dodoma

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, wahandisi na wasanifu majengo wenzangu, wakandarasi, wamiliki wa majengo, na ninyi mafundi ambao bila mikono yenu michoro yetu ingebaki karatasi tu: nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo nimelifanyia kazi kwa miaka mingi na ambalo, kwa maoni yangu, bado hatujalipa uzito unaostahili katika mji huu unaojengwa kila kukicha.

Naomba nianzie ndani ya chumba kimoja. Miaka michache iliyopita, mwezi wa Oktoba, nilialikwa kuendesha semina ya siku mbili hapa hapa Dodoma, katika ukumbi mdogo wenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na dari ya mita 3. Tulikuwa watu 40. Viyoyozi vinne vya ukutani vilikuwa vikifanya kazi vizuri, madirisha ya aluminiamu yalikuwa yamefungwa, na mapazia yalikuwa yameshushwa ili maandishi ya projekta yasomeke. Mezani pangu niliweka kifaa kidogo cha kupima hewa ukaa, ile ambayo kila mmoja wetu huitoa anapopumua. Saa 2:30 asubuhi kilisoma sehemu 610 katika milioni. Saa 3:30 kilisoma 2,390. Saa 4:30, tulipokuwa tukijiandaa kwenda kunywa chai, kilisoma 3,040, ilhali hewa ya nje ina sehemu zipatazo 420 tu. Ukumbi ulikuwa na ubaridi wa kupendeza wa nyuzi 23, lakini mama mmoja wa safu ya pili alikuwa ameshika paji la uso kwa vidole viwili, vijana wa nyuma walikuwa wakisinzia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeirudia sentensi moja mara mbili bila kujitambua. Watu walisema ni uchovu wa safari.

Tufanye hesabu. Mtu mzima aliyeketi akifanya kazi nyepesi hutoa takriban lita 18 za hewa ukaa kwa saa, kwa hiyo watu 40 hutoa lita 720. Ukumbi ule ulikuwa na mita za ujazo 240, yaani lita 240,000, na kama usingekuwa na upenyo hata mmoja, kipimo kingepanda kwa sehemu 3,000 kila saa. Kilipanda polepole kidogo kuliko hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayotuambia kwamba mlango na nyufa za madirisha vilikuwa vikituletea lita 60 hadi 70 za hewa ya nje kwa sekunde, yaani chini ya lita 2 kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa uingizaji hewa wa Machi 2021, lilitaja lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu katika majengo yasiyo ya makazi. Sisi hatukufikia hata robo ya hapo.

Sisemi kwamba hewa ukaa ya kiwango kile ni sumu. Hewa ukaa ni shahidi. Mjerumani Max von Pettenkofer wa mjini München aliitumia hivyo tangu mwaka 1858, aliposema kwamba chumba ambacho hewa ukaa yake imezidi sehemu 1,000 katika milioni kwa sababu ya pumzi za watu si chumba cha kukaa. Pumzi tunayoitoa ina hewa ukaa ya sehemu zipatazo 40,000 katika milioni. Ukiigawa ile ziada tuliyoipima saa 4:30 kwa kiasi hicho, unapata kwamba katika kila pumzi 15 tulizovuta ukumbini, pumzi nzima moja ilikuwa imekwisha kupita katika mapafu ya mtu mwingine. Katika nchi iliyomo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ugonjwa ambao husambaa kwa njia ya hewa, hesabu hiyo hainiruhusu kulala vizuri.

Hapa ndipo lilipo kosa letu kubwa, nami nalitaja bila kumlaumu mtu kwa sababu nimelifanya mimi pia. Tumeufanya ubaridi kuwa ndiyo hewa. Mwenye jengo anaposema "nataka mfumo wa hewa", tunamwekea viyoyozi, na tunajua vizuri kwamba kiyoyozi cha ukutani huivuta hewa ya chumbani, huipoza, kisha huirudisha chumbani humo humo. Bomba lile jembamba linalotoka nje ya ukuta lina gesi ya kupozea na maji ya kudondoka, halina hata tone la hewa ya kupumua. Kabla ya viyoyozi, mtu aliyesikia joto alifungua dirisha, na kwa kufungua dirisha alijitibu bila kujua. Tulipomletea kiyoyozi tukamwambia afunge dirisha ili umeme usipotee, na hatukumpa kitu mbadala wa lile dirisha.

Nataka niseme wazi kwamba mbadala huo si lazima uwe mashine. Watafiti walipima vyumba katika hospitali nane za jiji la Lima, nchini Peru, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa mara 28 kwa saa kwa wastani wa kati, wakati vyumba vyenye mitambo vilivyolinganishwa navyo vilihesabiwa mara 12. Zilizofanya vizuri kuliko zote zilikuwa wodi za zamani, zilizojengwa kabla ya mwaka 1950, zenye dari ndefu na madirisha makubwa pande mbili. Sisi nasi tulikuwa na majengo ya namna hiyo: vioo vya nako, yaani vipande vya kioo vilivyopangwa kama ngazi, vinavyofunguka vyote, matofali ya matundu chini ya dari, na kidirisha juu ya kila mlango kilichoruhusu hewa ipite kutoka ofisi moja, ivuke korido, itokee ofisi ya upande wa pili. Leo tunachora korido katikati, ofisi huku na huku, milango isiyo na upenyo, na madirisha ya kuteleza ambayo hata yakifunguliwa kabisa hutoa nusu tu ya nafasi yake. Upepo hauwezi kuingia mahali ambapo hauna pa kutokea. Chumba chenye madirisha upande mmoja tu hupata hewa kwa kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa dari yake. Chenye madirisha pande mbili zinazotazamana hufika mara tano. Kwa dari ya mita 3, hiyo ni tofauti kati ya mita 7 na mita 15, na uamuzi huo hufanywa kwenye meza ya msanifu wiki ya kwanza, muda mrefu kabla mhandisi wa mitambo hajaitwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nasisitiza Dodoma kwa sababu mahali hapa pamejaliwa hali ya hewa ambayo wenzetu wa pwani wangeitamani. Dar es Salaam, kila lita ya hewa ya nje inayoingizwa ofisini huja na unyevu mwingi, na kuukausha unyevu huo hula umeme. Hapa tuko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni adimu na hewa ni kavu, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Hata Oktoba na Novemba, mchana unapofika nyuzi 31, asubuhi bado ni ya ubaridi. Ofisi za Serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi. Katika saa hizo za kwanza, hewa iliyo nje ya dirisha huwa na ubaridi kuliko hewa tunayojaribu kuitengeneza ndani kwa umeme, na ni bure. Nimepita Mji wa Serikali kule Mtumba asubuhi ya Julai nikiwa nimevaa sweta, nikasikia mashine za viyoyozi zikiunguruma nyuma ya majengo. Niliumia moyo, kwa sababu feni moja iliyosanifiwa vizuri ingefanya kazi ile kwa sehemu ndogo ya umeme huo na kuwaletea watu hewa mpya papo hapo.

Wagogo waliokaa nchi hii kabla yetu sote waliijua tofauti ya usiku na mchana wake. Tembe, kwa kuta zake nene za udongo na paa la bapa lililofunikwa udongo, huchelewa kupata joto mchana na huchelewa kupoa usiku. Nalitaja tembe kwa heshima, lakini kwa uangalifu pia: matundu yake yalikuwa machache na madogo, na moshi wa jiko ulibaki ndani pamoja na watu. Linatufundisha juu ya uzito wa kuta, wala halitufundishi juu ya hewa. Jengo la kisasa linaweza kuvipata vyote viwili, ikiwa feni zake zitaachwa zifanye kazi usiku, zikapitisha hewa baridi juu ya zege na kuta hadi alfajiri, ili jengo lianze siku likiwa limepoa. Walinzi hawatakubali madirisha yaachwe wazi usiku, na wana haki. Kwa hiyo weka matundu yenye nondo na wavu wa mbu tangu kwenye mchoro.

Mwinuko huo huo unadai jambo moja ambalo michoro mingi inayoletwa kutoka kwingine hulisahau. Hewa ya Dodoma ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kati ya asilimia 12 na 13. Feni itasukuma ujazo ule ule, lakini ujazo huo utabeba karibu sehemu tisa tu kati ya kumi za joto ambalo ungelibeba pwani. Mita moja ya ujazo ambayo pwani tunaihesabu kuwa na kilo 1.2, hapa ina takriban kilo 1.05. Mota nyingi za umeme nazo viwango vyake huhesabiwa kwa maeneo yasiyozidi mita 1,000. Mhandisi anayenakili jedwali la kiwandani bila kulirekebisha atashangaa Novemba kwa nini ukumbi wake haupoi, na suluhisho atakaloshauriwa ni kununua kiyoyozi kingine.

Sasa nifike kwenye umeme, maana najua wamiliki wa majengo wamekuwa wakisubiri. Wengi huamini kwamba hewa safi na gharama ndogo ni maadui. Kwa uzoefu wangu, adui wa gharama ndogo ni dakti nyembamba, yaani mabomba ya bati ya kupitishia hewa yaliyo madogo mno. Msuguano ndani ya bomba la duara, kwa kiasi kile kile cha hewa, hupungua takriban kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Ukiongeza kipenyo kutoka sentimita 25 hadi 30, umeondoa karibu asilimia 60 ya msuguano kwa gharama ya bati kidogo. Chukua ofisi ya watu 200 inayohitaji mita mbili za ujazo za hewa kwa sekunde. Ikiwa dakti na machujio yake yanadai shinikizo la paskali 900 na ufanisi wa feni pamoja na mota ni nusu, utatumia kilowati 3.6. Zikinyooshwa na kupanuliwa hadi paskali 400, utatumia 1.6. Kwa saa 10 kila siku, siku 250 za kazi, hiyo ni akiba ya uniti 5,000 kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu tu mtu mmoja alikataa kuipinda dakti kwa pembe kali ili kukwepa boriti ambayo ingeweza kuzungumzwa mapema na mhandisi wa miundo.

Kuna sheria nyingine ya feni ambayo ningependa kila mwenye jengo aielewe, hata asiye mhandisi. Hewa inayosukumwa huenda sawa na kasi ya feni, lakini umeme unaoliwa huenda kwa kipeo cha tatu cha kasi hiyo. Punguza kasi hadi asilimia 80, na umeme hushuka hadi karibu nusu. Ndiyo maana ni upotevu kuweka feni kubwa isiyoweza kubadilisha mwendo, kisha kuibana kwa kilango cha bati ndani ya dakti. Ni sawa na kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Weka kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, na katika kumbi za mikutano weka vihisi vya hewa ukaa viiongoze feni, ili watu 150 wapate hewa ya watu 150, na ukumbi mtupu usipewe hewa ya watu 150.

Mifumo ya kurejesha joto kutoka hewa inayotolewa, ambayo nchi za baridi huisifia sana, mimi siishauri hapa isipokuwa kwa jengo la pekee. Tofauti ya nyuzi saba kati ya nje na ndani, tena kwa saa chache za mchana, hailipi gharama na msuguano wake. Kupoza kwa maji yanayofukizwa ni jambo lingine: hewa ya nyuzi 30 iliyo kavu kama ya Oktoba yetu inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 22 kwa kupita tu kwenye pedi zenye maji. Lakini mji huu unategemea visima vya Mzakwe, na maji ni ya watu kwanza. Atakayetumia njia hiyo akusanye maji ya mvua, na asafishe matangi yake kwa ratiba inayoandikwa, kwa sababu maji yaliyokaa yakachafuka huleta ugonjwa pale pale tulipokusudia kuleta afya.

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani kwamba kufungua dirisha Dodoma ni jambo jepesi. Vumbi lipo. Wakati wa kiangazi upepo unaotoka mashariki hutuletea udongo mwekundu kwenye meza, kwenye kompyuta na kwenye mapafu. Siku moja mwezi wa Agosti nilikwenda kukagua mfumo niliousanifu mwenyewe katika jengo moja la biashara, kwa sababu wapangaji walilalamika kwamba hewa haitoki. Fundi alivuta chujio la kwanza, akaligonga mara moja ukingoni mwa paa, na wingu jekundu likatufunika hadi tukafumba macho. Lilikuwa limekaa miezi mitano bila kuguswa. Alipofungua sehemu ya chujio la pili, lile jembamba la kukamata chembe ndogo, palikuwa pamebaki fremu tupu. Kijana akaniambia kwa unyoofu kabisa: "Mzee, lilikuwa linaziba hewa, tukalitoa." Hakukosea kwa akili yake. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikumwekea kipimo cha shinikizo cha kumwonyesha lini chujio limejaa, sikumwachia machujio ya akiba, na mlango wa kulifikia niliuweka mahali panapomlazimu kulala kifudifudi juu ya bati la moto.

Tangu siku hiyo huweka chujio la nyavu nzito mbele, la bei ndogo na la kuoshwa, libebe mzigo wa udongo, kisha lile la chembe ndogo nyuma yake. Chembe ndogo ndizo zinazozama ndani ya mapafu, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake kwa chembe zisizozidi mikroni 2.5 hadi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Eneo la machujio nalipanua ili hewa ipite polepole, na kipimo cha shinikizo nakiweka usawa wa macho. Mlango wa kuyafikia sasa naupima kwa mtu aliyesimama akiwa na ndoo mkononi.

Mahali pa kuvutia hewa panahitaji akili hiyo hiyo. Nimeshuhudia jengo ambalo tundu la kuingizia hewa lilikuwa mita tatu juu ya bomba la moshi la jenereta. Umeme ulipokatika, jenereta iliwaka, feni ikawaka pamoja nayo, na moshi wote ukasukumwa ndani ya ukumbi uliojaa watu. Kaboni monoksaidi haina harufu, na siku ile ni harufu ya dizeli tu iliyowaokoa. Tundu la hewa likae juu, upande ambao upepo unatoka, mbali na jenereta, maegesho, vyoo na jiko la kantini. Na vyoo na chumba cha mashine za kurudufu viwe na feni zao za kutoa hewa nje moja kwa moja.

Ombi langu kwenu wamiliki ni mstari mmoja ndani ya mkataba: kwamba jengo halitapokelewa mpaka lita za hewa ya nje zipimwe chumba kwa chumba, na namba ziandikwe mbele yenu. Kifaa cha kupimia hutoshea mkononi. Mkandarasi aliyefanya kazi yake vizuri atafurahi kukitumia.

Namalizia kwa kurudi kwenye ule ukumbi. Siku ya pili ya semina nilimwomba mwenyeji wetu azime viyoyozi hadi saa 5, afungue madirisha ya upande wa mashariki na mlango wa korido, na kwenye dirisha lililotazamana na mlango wa pili wa korido tuliweka feni moja ya kusimama ikisukuma hewa nje. Projekta tuliihamishia ukuta wenye kivuli. Saa 4:30 kifaa kilisoma 930. Joto lilikuwa nyuzi 25, nyuzi mbili zaidi ya jana yake, na hakuna aliyelalamika. Yule mama wa safu ya pili ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote siku ile, na la mwisho lilikuwa kama kile kifaa kinapatikana Dodoma, kwa sababu yeye ni mwalimu na darasa lake lina watoto 70.

Asanteni kwa kunisikiliza.